Nilivyotia Pepo Kwenye Jiwe la Mskoti

Aibu hii Quakers Hill nzima, mtaa wetu huku ughaibuni, wanaijua, kwa hiyo bora muisikie kwangu kabla hamjaletewa iliyotiwa chumvi.

Kanisa letu la Waswahili (Wakongo wengi, Watanzania wachache kama mimi) tunaazimwa ukumbi na kanisa moja la Waskoti, na Jumapili hiyo mzee wao mmoja, Angus, fundi mstaafu wa kuchonga mawe, akaja kutueleza Injili ilivyofika kwao, kabeba na jiwe alilolichonga mwenyewe kwa mfano wa yale ya kale, pasta akaniteua mimi nitafsiri, eti Kiswahili changu kimenyooka.

Kimenyooka, sawa, ila Kiingereza cha Kiskoti jamani! Akaanza na watu wa kale walioitwa "Pikts", mimi nikasikia "pikchaz", na badala ya kumwomba arudie (mbele ya watu wote, na suti mpya?) nikatangaza: "Zamani, Uskoti kulikuwa na wapiga picha." Watu wakaitikia amina. Akasema walipoipokea Injili walichonga msalaba upande mmoja, na upande wa pili wakambakiza mnyama wao, ambaye mpaka leo hakuna anayemjua ni mnyama gani. Nikasema wapiga picha walitokewa na kitu cha ajabu.

"Ile ni pepo?" akauliza Mama Furaha, kiongozi wa maombi.

"Ndiyo, mama, kama pepo," nikajibu, nisionekane sijui.

Basi! "Shindwaaa!" Huyo mbele na chupa ya mafuta ya upako, akina mama nyuma yake, wakalimwagia jiwe huku wakikemea. Angus akaniuliza wanafanya nini. Nikamwambia wanaibariki kazi yake. Mzee wa watu machozi yakamtoka, akalinyanyua jiwe (linateleza!) akawa anamkabidhi Mama Furaha, zawadi, akaliweke sebuleni kwake Rooty Hill. Mama alirudi kinyumenyume mpaka kwenye ngoma.

Hapo binti yake Furaha akasimama, kwamba mzee hakusema hayo hata moja: "Mum, that's not what he said! None of it!"

Ikabidi niseme kweli, kwa lugha zote mbili. Mama Furaha akanitazama. "Kumbe nakemea kazi ya mikono ya huyu baba?"

Angus alicheka hadi akakaa chini, akasema hata wahubiri wa kwanza walipofika kwa mababu zake walihitaji mkalimani, na Mungu ndiye ajuaye yule naye alisema nini.

Mama Furaha jiwe alilichukua. Mimi nikapewa mswaki, nisugue mafuta kwenye mikunjo ya mkia wa yule mnyama. Siku hizi nisiposikia vizuri, hata kama ni bei ya vitunguu, nauliza, tena kwa sauti.