Teksi ya Umeme Inayopumzika Mchana

Wewe ungenunua gari ambalo kila siku, wakati abiria wamejaa barabarani, linakuomba ulisimamishe likapumzike?

Saa sita na nusu mchana. Teksi nyeupe inarudi kinyumenyume, bila mlio, mpaka karibu iguse kizingiti cha duka la ushonaji. Dereva anashuka, anatoa waya mweusi mnene kama kidole gumba, anaupitisha dirishani, juu ya marobota ya vitambaa, hadi kwenye soketi iliyo nyuma ya cherehani. Taa ndogo ya kijani inawaka.

"Asante," analiambia gari.

"Na leo tena?" anauliza fundi cherehani bila kuinua macho.

"Na leo. Lile la petroli lilinila miaka kumi na sita, hata siku moja sikupata la kulishukuru."

Kituoni wanamwita Kimya. Jina ni la gari, maana yeye mwenyewe haishiwi maneno. Fundi ni mkewe, na wateja humwita Mama Pindo kwa jinsi anavyokunja pindo za nguo usione uzi ulipopita. Wameoana miaka ishirini na minne, wana mabinti wawili, mmoja kashaolewa.

Gari la zamani lilikuwa limeanza kumeza oili. Katika kila noti kumi alizoingiza Kimya, nne ziliishia kituo cha mafuta na moja kwa makanika. Alitoka nyumbani kabla ya jua, akarudi mkewe kashalala. Chakula cha mchana alikula kwenye foleni, sahani mapajani, mkono mmoja kwenye usukani.

Aliposikia habari za magari ya umeme hakukurupuka. Alichana kipande cha boksi la biskuti, akakibandika karibu na usukani, na kwa mwezi mzima akaandika kilomita za kila safari. Mwezi ulipoisha, hesabu ilitoka wazi: siku ya kawaida anatembea kilomita mia moja na ishirini na tano.

Gari aliloliweza kwa bei lilikuwa limetumika miaka saba, na betri yake iliyochoka ilibeba kilomita tisini na tano tu. Muuzaji hakuwaficha Kimya na mkewe. Aliwaambia wote wawili kwamba usiku wataliwekea umeme nyumbani, lakini mchana nako lazima lisimame kwenye soketi kuanzia saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu, la sivyo litawalaza njiani.

"Nikageuka niondoke," anasimulia Kimya. "Teksi inayolala mchana ni ya nini?"

Kesho yake asubuhi mkewe akatoa akiba yake, pesa alizokuwa akizitunza anunue cherehani ya pili, akamkabidhi. Petroli imezidi kuwa ghali, alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Wiki saba za mwanzo zilimtesa. Betri ilikuwa inaisha kabla saa sita haijafika, na mara mbili teksi ilisukumwa huku wenzake wakimuuliza kama amesahau kuipa uji. Kimya alikuwa ameanza kutafuta mtu wa kumuuzia gari.

Aliyemwokoa ni mwalimu mstaafu, mzee wa miwani mizito aliyempandisha akitoka hospitali. Walipofika juu ya mteremko mrefu, Kimya akatoa gia, gari likateleza lenyewe, kama alivyozoea miaka yote kubana petroli.

"Kijana, unamwaga umeme," mwalimu akamwambia. "Liache kwenye gia, inua mguu tu. Likiteremka hivyo linajijaza lenyewe."

Kimya, mwenye mvi kichwa kizima, alicheka kuitwa kijana, kisha akajaribu. Jioni hiyo alifika nyumbani betri ikiwa na akiba. Mpaka leo mwalimu akipanda Kimya hakubali nauli yake, nao hubishana kila safari.

Sasa katika noti kumi, moja ndiyo inayokwenda kwenye umeme. Oili hakuna, plagi za injini hakuna. Hafichi yaliyo magumu: tairi zinalika upesi kwa uzito wa betri, safari za mbali huwapa wenzake, na umeme ukikatika hukaa akitazama dari. Betri mpya bei yake inakaribia nusu ya gari lenyewe, kwa hiyo kila Ijumaa huweka kidogo pembeni.

"Lakini paa limeezekwa upya, na binti mdogo hajarudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya ada tangu tulinunue," anasema. "Nilalamike nini?"

Na mchana anakula amekaa. Akimaliza ananawa, anavuta stuli, anashona vifungo. Mwanzoni aliviweka kombo, mkewe akawa anavifumua na kumrudishia. Siku hizi kuna wateja wanaosema vifungo vya Kimya having'oki hata ukivutana navyo.

Mwezi huu karibu na hospitali kimefunguliwa kituo cha kuchaji haraka. Kwa dakika arobaini betri inajaa. Kimya ameshapiga hesabu: bei yake ni maradufu ya soketi ya dukani, ila atapata abiria wanne zaidi kila mchana. Anataka kuanza Jumatatu.

"Kufikia mwisho wa mwaka atakuwa na cherehani yake ya pili," anasema, akielekeza uso kwa mkewe. "Alijinyima kwa ajili yangu. Nataka nimrudishie."

Cherehani inanyamaza. Mama Pindo anakata uzi kwa meno, anaikunja nguo mara mbili, anaiweka mapajani.

"Nani alikwambia nilijinyima?"

"Si pesa zako za akiba? Ulisema petroli imekuwa ghali."

"Nilisema." Anaipangusa nguo, ingawa haina vumbi. "Baba watoto, mimi na petroli wapi na wapi? Yule muuzaji aliposema gari hili mchana lazima lisimame, nikajiambia moyoni, basi ni hili hili. Cherehani ingenisaidia nini, nikae na mbili peke yangu? Miaka yote ile nilikuwa nakuona usiku tu, umelala. Nilitaka nikuone mchana, ukiwa macho."