Kitufe cha Kujikinga

Jamani, nimechoka, na sitaki mtu aniambie nipumzike. Mimi Walburga nina banda la gemu hapa Mbinga, karibu na stendi, na msimu mzima wa kahawa nilihangaika na jambo moja tu: mdogo wangu Bernadi arudi kukaa na watu.

Kwenye gemu za ngumi Bernadi alikuwa moto wa kuotea mbali. Mwezi wa sita, mashine ya kumenyea kahawa pale nyumbani ikamkata vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati. Kidonda kikapona, yeye hakupona. Wageni wakija anaingia chumbani. Kanisani haendi. Chakula anapelekewa kama mwali.

Nilimbembeleza mpaka mate yakanikauka, ndipo akaja bandani kucheza. Akala kipigo cha mbwa koko. Katika gemu ile, ili ujikinge unashikilia kitufe cha mgongoni mwa padi, upande wa kulia, palepale kilipokuwa kidole chake cha shahada. Aliyeitengeneza alidhani kila mtu ana vidole kumi. Bernadi akaweka padi chini, akaondoka bila kuaga.

Nikamtafutia gemu nyingine, isiyo na kitufe cha kinga. Ile, mtu wako akirudi nyuma, mikono inapanda yenyewe kuziba uso. Hakuitaka. Alisema humo kujikinga na kukimbia ni kitu kimoja. Haya. Nikarudi kwenye ile ya kwanza, nikahangaika na mipangilio asubuhi nzima mpaka nikaihamishia kinga kushoto. Nikajaribu mwenyewe, vidole viwili nimevikunja. Ikakubali.

Ningeishia hapo. Lakini mimi na kiherehere changu, nikamwita aje tena Jumamosi, na kabla hajafika nikawaomba wachezaji wote, akiwemo Joakim, dereva wa lori la makaa ya mawe, wasimpige sana.

Kwetu anayeshindwa ananyanyuka, mwingine anakaa. Jumamosi hiyo Bernadi alikaa tangu saa nane mchana mpaka saa kumi na moja, hanyanyuliwi. Watu wanashindwa, wanamsifia, wananyanyuka kwenye benchi mmoja mmoja. Mimi nachemsha chai, roho imetulia. Mara akaacha kucheza katikati ya raundi, padi mapajani. Mpiganaji wa Joakim naye akasimama tu pale kwenye skrini, anamngoja.

"Dada," Bernadi akasema bila kugeuka, "hicho kitufe ulichonihamishia sijakibonyeza hata mara moja. Umewaambia wasinipige?"

Ningeweza kudanganya, ila hata nguvu ya kudanganya sikuwa nayo. Nikakubali. Niliona aibu mbele ya wateja wangu wote, na zaidi mbele yake. Nikamtazama Joakim.

"Mpige," nikamwambia.

Joakim akampiga kweli. Bernadi akakinga pigo la kwanza, akakinga la pili, la tatu likapita, na mengine yakafuata njia hiyohiyo mpaka mtu wake akaanguka chali. Nilitamani nizime umeme. Akanyanyuka, akampa padi Fulgence aliyekuwa anafuata. Nikajua ndiyo basi, anarudi chumbani kwake.

Akaupita mlango bila kutoka, akaenda kusimama mwisho wa foleni, nyuma ya watu sita. Fulgence akamwita, akitaka kumrudishia nafasi.

"Cheza wewe," Bernadi akasema. "Mimi nasubiri zamu yangu."