Mpira wa Maharage

Mvua ilikuwa imeshanukia, nami nikachukua mbegu zangu zote za maharage nikazigandisha kuwa mpira kwa uji wa muhogo. Mtu aliyemaliza kidato cha nne hafanyi hivyo. Mimi nilifanya.

Nilikuwa na sababu, tena ya kisayansi. Shuleni, mwenzangu wa dawati nami tulikuwa tumegawana fizikia: yeye majaribio, mimi nadharia, kwa kuwa nadharia inafanyika umekaa. Swali letu lilikuwa moja: kiini cha atomu kinabeba nyutroni ngapi za ziada kabla hakijasambaratika? Mwalimu alisema vipo viini vya ajabu, vinavyotengenezwa maabara huko Ulaya na kufa kabla hujapepesa jicho. Tukaapa kulimaliza swali hilo wenyewe, hapa hapa Nyabusozi.

Kisha vita vya Kagera vikaanza, mwenzangu akaondoka na wanamgambo. Mimi daktari alinirudisha kwa sababu ya kifua, na sikubishana naye.

Nyumba yangu ilikuwa ya mwisho katika mstari wa kijiji cha ujamaa. Jioni kilichonitembelea ni moshi wa majirani tu. Basi nikashika na kazi ya mwenzangu, ya majaribio. Maharage mekundu yakawa protoni, meupe nyutroni. Nilibandika jeupe moja moja. Ya ndani yalishikana. Ya pembeni yalining'inia kidogo, yakadondoka. Nadharia yangu ilishasema hivyo hivyo, ila hakukuwa na wa kumtambia.

Vita vikaisha. Malori ya waliorudi yakawa yanasimama njia panda ya Nyakanazi, watu wakaenda kuwapokea ndugu zao. Mimi nikasema nitamsubiri nyumbani, mpira wa maharage mezani, akiingia tu auone. Ukweli, niliogopa kufika kule nikaambiwa hayupo tena.

Uji ule haukukauka vizuri. Maharage yakaota, mpira ukaanza kumeguka.

Mama wa nyumba ya jirani akaja kuomba moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na hiki nini?"

"Kiini cha atomu."

"Kinaliwa?"

"Hapana, mama. Namsubiri mwenzangu aje akione."

Aliugeuza mpira, akachomoa harage lililoota, akaniwekea kiganjani.

"Mwenzako hayumo humu. Panda haya yaliyobaki, halafu nenda Nyakanazi ukaulize kama yu hai. Sisi tumechoka kukuonea huruma."