Korosho za Kumgomboa Bi Tatu

Moshi wa maganda ya korosho hauna adabu. Unaingia ndani bila hodi, unawasha macho, unaganda kwenye nywele, na ukienda nao shule wenzako wanajua kabla hujakaa kwamba kwenu wanakaanga. Kwetu Kibiti, katika miaka ile ya ruksa, maduka ya watu binafsi yalipoanza kujaa bidhaa na mitumba ikimwagwa sokoni kila gulio, moshi huo ulitoka uani kwa bibi yangu, Bi Tatu, mama mzaa baba. Alikaanga korosho kwenye bati lililotobolewa matundu, akazipeleka uwanjani kila palipokuwa na mechi, akawauzia mashabiki wa timu zote mbili huku akiwasimanga wa timu moja. Mimi nilikuwa msichana wa darasa la nne, mbeba sinia lake. Leo nikiunusa moshi ule popote, kitu cha kwanza kunijia ni aibu, kisha ndiyo njaa.

Timu zenyewe ziliitwa Korosho na Mafuriko. Bibi alinisimulia kwamba watu wa bonde la mto walipohamishiwa huku juu, wenyeji waliwacheka kuwa wameletwa na mafuriko kama magogo. Wale hawakununa. Walipounda timu ya mpira wakaiita Mafuriko, kisha wakawarudishia wenyeji kwamba watu wasiojua kitu ila kutafuna korosho hawana pumzi ya kukimbia. Wenyeji nao wakalibeba jina hilo na kujishonea jezi za rangi ya chungwa, rangi ya bibo lililoiva. Ndiyo historia nzima ya upinzani wetu, matusi mawili yaliyogeuzwa majina, na kwa kuwa hakuna aliyekasirika, yakawa utani.

Utani kwetu ulikuwa kazi, haukuwa maneno matupu. Akifa mtu wa Korosho, waliochimba kaburi, kuchota maji na kupasua kuni walikuwa Mafuriko. Akifa wa Mafuriko, jembe lilishikwa na sisi. Na jeneza likitaka kutoka, mtani mmoja alijilaza kizingitini, akasema marehemu haendi popote mpaka agombolewe. Wafiwa walimpa chochote, kuku au kibaba cha mchele, watu wakacheka huku machozi yanawatoka, ndipo maiti ikapita. Aliyetoka nyumbani kwake bila mzaha huo alisemwa kuwa kazikwa kama mpita njia.

Mtani wa bibi alikuwa Mzee Matimbwa, golikipa wa Mafuriko enzi za ujana wake, mtu mrefu mwenye mikono kama makasia. Kila siku ya mechi alichota korosho kwenye sinia langu bila kuomba, akimtazama bibi machoni.

"Kula tu," bibi alimwambia, "meno yenyewe ya kuazima."

"Weye kizee, ukifa nalala mie mlangoni pako. Siondoki kwa kuku, siondoki kwa mchele. Nataka korosho, na ziwe umekaanga mwenyewe!"

Bibi aliondoka akicheka mpaka kanga ikamdondoka begani. Kumbe maneno yale aliyashika. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda, na kila alipokaanga aliteua korosho nzima nzima, nyeupe, akazitia humo na kubadilisha zilizozeeka. Aliniambia hizo haziliwi, ni za kumgomboa yeye. Niliziiba mbili siku moja, akanifinya sikio kwa furaha.

Ruksa ilituletea vitu vingi, na kimojawapo kilikuwa wafadhili. Mnunuzi mmoja wa korosho aliichukua timu yetu, na mfanyabiashara wa nguzo za mikoko kutoka Nyamisati akaichukua Mafuriko. Wachezaji waliokuwa wakicheza pekupeku walivalishwa viatu. Baba, ambaye alikuwa katibu wa Korosho na mpima mizani wa yule mnunuzi, akaanza kuzungumzia mpira kama mtu anayezungumzia kesi. Hakupenda tena bibi awauzie Mafuriko. Asiyekubali kushindwa si mshindani, bibi alimwambia. Baba akamjibu kwamba mfadhili wake hakuweka gari na viatu ili akubali kushindwa.

Tukashindwa. Fainali ya kombe la mbuzi, mwisho wa msimu wa korosho, beki wetu aliurudisha mpira golini kwake mwenyewe, na Mafuriko wakafanya walichokuwa wakifanya siku zote: wakachukua kitanda cha kamba, wakalaza juu yake mgomba uliofungwa kitambaa cha rangi ya chungwa, wakaubeba mjini kote wakiulilia. Walipofika mlangoni petu walisimama, kwani palikuwa pa katibu. Bibi alikuwa ndani siku nyingi, kifua kimembana. Aliniegemea mpaka barazani, akawarushia maganda na kuwaambia marehemu wao ananuka ndizi. Mzee Matimbwa alipiga magoti kwa kicheko. Mimi pia nilicheka, ila nilipogeuka nilimwona baba kasimama nyuma yetu, midomo imekauka.

Bibi alifariki kabla wiki ile haijaisha. Mzaha mzaha hutunga usaha, na usaha ule ulitunga moyoni mwa baba. Aliwaambia wote waliokuja kuhani kwamba watu wamemletea jeneza nyumbani na sasa wamepata walichokitaka. Wazee walimkumbusha kifua cha mama yake, hakusikia. Asubuhi Mafuriko walikuja na majembe yao kama ada, wakachimba, wakarudi kupasua kuni, wakitupa maneno yao ya kuchekesha, na baba akawatazama bila kuwaitikia. Mimi nilikuwa na wanawake ndani, kopo nimelikumbatia, maana nilijua zamu yangu inakuja.

Jeneza liliponyanyuliwa, Mzee Matimbwa alijilaza kizingitini, akajinyoosha kwa urefu wake wote.

"Haendi mtu! Kizee huyu aliniahidi korosho!"

Kicheko kilianza, nami nikapiga hatua. Baba alinitangulia. Alimwinua yule mzee kwa ukosi wa kanzu na kumpiga kofi. Kofia ilidondoka. Mzee Matimbwa aliiokota kofia, akaikung'uta vumbi taratibu.

"Kaburi tumeshachimba, mwanangu," alisema. "Mzikeni mama yenu."

Wakaondoka wote. Bibi yangu, aliyeteua ukombozi wake punje kwa punje, akavuka kizingiti kile kama mpita njia, na kopo likabaki mikononi mwangu. Hasira hasara, wanasema, lakini hasara ile baba hakuilipa peke yake. Kisimani Mafuriko walianza kunipisha. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyeniita mla korosho. "Shikamoo," nilisema, na "marahaba, mwanangu" ikaja, laini, ikaishia hapo. Niliona haya kwa adabu yao kuliko ambavyo ningeona kwa matusi. Nilianza kuzunguka njia ya mbali.

Siku hizi lami inapita Kibiti, na vijana wa bodaboda wanagombana kuhusu timu za Ulaya ambazo hazitawachimbia kaburi. Korosho ilikufa mfadhili alipohama, na Mafuriko haikukaa muda mrefu baada yake. Baba alifariki mwaka juzi bila kulitaja kofi lile hata siku moja. Asubuhi ya maziko niliamka mapema, nikatoboa bati, nikakaanga. Niliteua nzima nzima, nyeupe, nikazifunga kwenye pindo la kanga.

Walikuja. Wana na wajukuu wa Mafuriko walichimba, walichota maji, walipasua kuni, kimya. Mzee Matimbwa aliletwa kwa bodaboda, amekunjamana, mikono ile ile mikubwa juu ya mkongojo. Jeneza liliponyanyuliwa alijikokota mpaka kizingitini, na uwanja mzima ukamtazama. Nilishika fundo la kanga, nikaomba kimoyomoyo alale, aseme lolote, amtukane baba yangu kwa mara ya mwisho.

Aliweka kiganja juu ya jeneza, akamwombea dua, akasogea pembeni.

"Pitisheni," alisema.

Tukapitisha.