Nguzo Zilizochipua Barabara ya Juu

Ukishuka stendi ya Ngara usimsikilize kijana wa bodaboda anayekuambia kwamba juu ni mbali. Si mbali. Panda kwa miguu, taratibu, maana kilima hiki hakipandwi kwa hasira. Mimi nimekipanda kwa hasira miaka mingi na kifua kimeniharibikia. Nauza chai na mihogo ya kuchemsha hapo chini, na wageni wanaotoka Mwanza na Bukoba, hata wale wanaosubiri gari la Nyakanazi, huniuliza: "Mama, ni wapi pale penye miti mizuri ya zamani?" Nawaonyesha kwa kidole. Leo nataka kuonyesha kwa maandishi, ingawa shule yangu iliishia darasa la nne, kwa sababu kidole hakisemi nani alifanya nini.

Utaanza na mikaratusi michache iliyobaki nyuma ya boma. Hiyo waliamuru wakoloni ipandwe, na babu zetu ndio waliochimba mashimo. Pita hapo, uache ofisi mkono wa kushoto, uione ile nyumba ya mawe yenye dirisha refu ambayo zamani ilikuwa ya mganga wa serikali. Ukifika asubuhi ukungu ukiwa unaondoka, utaona milima ya Rwanda upande huu na ya Burundi upande ule. Wageni hupiga picha. Sisi tuliiona milima hiyo ikitoa watu.

Halafu njia inakata kulia na ghafla jua linapotea. Hapo ndipo wanapopaulizia. Miti imejipanga safu moja kando ya barabara, minene, matawi yameshikana juu kama watu wanaonong'onezana, na chini kuna baridi hata saa sita mchana. Nyuma ya safu hiyo kuna nyumba ya wageni yenye kuta nyeupe. Watu husimama, huvua kofia, husema, "Aliyepanda hii miti alikuwa na akili."

Pale ndipo nilipozaliwa. Na pale, chini ya saruji ambayo wageni wanaegesha magari, amelala baba yangu. Mama yangu alitaka kitu kimoja tu hapa duniani, azikwe kando yake.

Miti ile ni mivumu. Mvumu ni ndugu wa mkuyu, una utomvu mweupe kama maziwa. Kwetu Wahangaza, na kwa Warundi na Wanyarwanda pia, mwanamume akianza mji wake hukata nguzo ya mvumu mbichi akaichomeka ardhini, nayo hushika, ikawa mti. Akifa analazwa chini yake, na mkewe kando yake. Kwa hiyo zamani hakuna aliyeuliza kiwanja cha fulani ni kipi. Waliuliza, mvumu wake uko wapi. Wetu aliuchomeka babu. Baba alilazwa hapo mimi nikiwa binti mdogo, na siku ya kumaliza matanga wazee wa kitongoji kizima walikaa chini ya mvumu huo wakanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, mpaka mtungi ukalia.

Ndipo ukaja mwaka ule watu walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Sitaeleza walivyokuja, walioona hawajasahau na wasioona hawataamini. Kambi zikajaa mabondeni, malori ya misaada yakajaa barabarani, na kuni zikawa dhahabu. Leo ukimuuliza mtu wa Ngara au wa Biharamulo atakuambia wakimbizi ndio waliomaliza miti. Ni kweli kule makambini walikata, mtu hawezi kupika maharage kwa jua. Lakini Barabara ya Juu hakuna mkimbizi aliyeigusa. Waliokata nawajua. Wa kwanza ni mwenyekiti wetu wa kitongoji. Wa pili ni baba yangu mdogo, aliyenyonya ziwa moja na baba. Wa tatu ni wazee wa baraza, wale wale wa rubisi. Majina yao siandiki. Si kwa woga. Yanatamkwa kila siku kwa heshima, sitaki kuyaongezea.

Walikuja asubuhi. Mama alikuwa uani anapukuchua maharage, mimi nimechuchumaa naye. Baba mdogo ametangulia, mwenyekiti nyuma yake, na vijana wawili wamebeba msumeno mrefu.

"Shemeji, msumeno wa nini?" mama akauliza.

"Kuni, shemeji. Watu wa misaada wanataka kuni."

Mama akacheka. "Kuni za mvumu? Tangu lini? Unataka kuwapikia wakimbizi moshi?"

Majirani waliokwisha kusogea wakacheka pia, maana kila mtu anajua. Mvumu hauwaki. Unatoa povu na moshi, sufuria haichemki. Hapo mimi, binti nisiyejua lolote, nilielewa kwamba hawakuja kutafuta kuni. Kiwanja chetu kilikuwa kando ya barabara, na watu wa misaada walikuwa wanatafuta mahali pa kulaza magari yao.

Mwenyekiti akakohoa. "Mama, mti huu unaziba njia ya malori."

"Rori gani? Rori imepita hapa lini?"

"Kwanza sema lori, mama. Ukishajua kusema lori ndipo ubishane na serikali."

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka yeye. Majirani wale wale. Mama akashika tena maharage yake. Maneno alikuwa nayo mengi, ya Kihangaza, makali kama pilipili, lakini mwenyekiti alikuwa amekwisha kulifanya shauri lile kuwa la Kiswahili.

Mti ulianguka kabla jua halijawa kali. Utomvu ulitiririka mpaka kwenye kaburi la baba, mweupe, mama akavua kanga ya juu akafunika pale kana kwamba umemwagikia mwili wa baba.

Baadaye tulikwenda kwenye baraza. Mzee mmoja akatuuliza, bila aibu usoni, "Mnasema hapa ni mji wenu. Sasa mvumu uko wapi?" Baba mdogo akasimama akaapa kwamba kaka yake alikaribishwa tu kuishi pale na kaburi hajui liko sehemu gani. Ndivyo tulivyotoka. Baba mdogo alihamia upande wa Biharamulo, akafungua duka. Sisi tulipanga chumba karibu na stendi, chenye bati linalovuja.

Siku tuliyokuwa tunahamisha vyombo, mwenyekiti alikuwa anazungushia kiwanja ua upande wa barabara. Nguzo kavu hazikupatikana mji mzima, mikaratusi karibu yote ilikwenda makambini. Kilichobaki ni matawi ya mvumu wetu, mabichi. Akaona atumie hayo hayo. Si kwamba hakujua mvumu hushika, ni Mhangaza kama sisi. Ila watu wetu wanaamini ukiigeuza nguzo, kichwa kikaingia ardhini, haichipui. Basi akawaambia vibarua wawili, wakimbizi kutoka Burundi waliokuwa wakifanya kazi kwa sahani ya chakula: "Kichwa chini. Msije mkanipandia msitu hapa." Akaondoka na pikipiki yake.

Mama alikuwa ameketi ng'ambo ya barabara juu ya furushi la magodoro. Kibarua mmoja, mtu mzima mwenye koti lililochanika bega, alishika nguzo ya kwanza, akaigeuza, akaigeuza tena. Akamtazama mama.

"Mama, hapa pana mtu amelala?"

"Mume wangu."

Akamgeukia mwenzake, wakasemezana kwa Kirundi, na Kirundi sisi tunakisikia. Akasema, "Huu ni mti wa mji. Ukiusimamisha kwa kichwa, umempindua mwenye mji kaburini."

"Mwenyekiti atatufukuza," mwenzake akasema.

"Nimeshafukuzwa na wakubwa kuliko huyu."

Mama alicheka. Tangu siku ya msumeno sikuwa nimemsikia. Wale watu wakachomeka nguzo zote kama zilivyokuwa mtini, shina chini, kichwa juu, wakashindilia udongo kwa visigino. Mwenyekiti aliporudi akatikisa moja.

"Imara?"

"Imara, mkubwa. Hii haiondoki."

Mvua zilipokuja zikachipua zote. Mwenyekiti akafoka, akafyeka machipukizi kwa panga, yakarudi. Akafyeka tena. Halafu wageni wake wa misaada wakamwambia kivuli ni kizuri kwa magari, naye akagundua kwamba alikuwa anapenda miti tangu utoto. Yule mtu wa koti sikumwona tena. Siku walizorudishwa kwao barabara zilijaa vichwa na mafurushi, nilisimama nikatafuta koti lile, sikuliona. Hata jina sikumuuliza. Hivyo mgeni, unaposimama kwenye kile kivuli na kusikia watu wakisema wakimbizi walimaliza miti yetu, kumbuka nani aliyeipanda hiyo iliyo juu ya kichwa chako. Mwenye nyumba, mwenyekiti yule yule, atakuambia ni ya tangu Mjerumani. Hukaa barazani, mzee sasa, na wageni humpa shikamoo.

Mimi sikumpa. Nilipishana naye sokoni, kanisani, msibani, nikamtazama usoni nikapita kama ninavyopita jiwe. Kwetu hilo ni tusi kuliko matusi. Watu walinisema. "Mwanamke huyu hana adabu." Niliacha waseme. Sikuwa na kiwanja wala hukumu, nilikuwa na ile shikamoo tu, nikaibana.

Mama hakuwa kama mimi. Kila Jumapili baada ya misa alipanda Barabara ya Juu, akapita mti kwa mti akiupapasa. "Huu mkono wake," ananiambia. "Huu bega. Huu sijui, labda ule mguu uliokuwa ukimuuma." Alikuwa anatania, na hakuwa anatania. Kisha anasimama mbele ya lango, anatazama saruji. "Nikifa unilaze pale. Huko makaburi ya bondeni wanalaza watu ovyo ovyo. Nitalala na nani? Simjui mtu."

"Mama, mwenyewe hatakubali."

"Umemwomba?"

Sikuwa nimemwomba. Kuomba kunaanza na salamu.

Mama alifariki msimu wa kiangazi, alfajiri, bila kusumbua mtu. Majirani walipokuwa wanamwosha, mimi nikafunga kitambaa nikapanda kilima. Nilimkuta barazani anakunywa uji.

"Shikamoo mzee," nikasema.

Aliweka kikombe chini. Aliishikilia kidogo ile salamu, kama mtu anayeonja kitu kinywani.

"Marahaba, mwanangu. Leo umeniona?"

"Mama ametutoka."

"Pole. Pole sana. Bwana ametoa."

"Nimekuja kuomba nafasi. Alazwe kando ya baba."

"Baba yupi?"

Nikaonyesha pale lilipoegeshwa gari la mgeni mmoja.

"Mwanangu, pale ni saruji."

"Tutavunja wenyewe, turudishie wenyewe. Msalaba hatuweki. Hata jiwe hatuweki."

"Mgeni akisikia pana kaburi analala kwingine. Wewe ni mfanyabiashara, hilo unalijua." Kisha nikaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka. "Mama yako alikuwa mkaidi, lakini alinichekesha yule. Rori! Mpaka leo nikiona gari kubwa linakuja kutoka Rusumo nasema rori." Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, mjukuu wake akamletea maji.

Nilisubiri amalize kukohoa. Nilidhani labda baada ya kucheka atalegea. Akajifuta mdomo akasema, "Makaburi ya bondeni yana nafasi. Nitatuma mchango wangu wa msiba."

Nikashuka ngazi. Pale langoni nikashika tawi la mti ule ambao mama aliuita bega, tawi nene kama mkono wangu, nikaning'inia nalo kwa uzito wangu wote mpaka likavunjika. Utomvu ukanirukia usoni.

"Unafanya nini wewe?"

"Nachukua kuni."

"Kuni za mvumu?" akauliza. Neno kwa neno.

"Kuni za mvumu, mzee."

Nadhani alikumbuka, maana aliinuka akaingia ndani. Mchango wake ulifika msibani, nikaurudisha.

Tulimzika mama bondeni, katikati ya watu asiowajua. Nilichomeka tawi upande wa kichwa chake, shina chini, nikashindilia kwa kisigino. Kilikuwa kiangazi, udongo ule ni mawe, na mbuzi wa watu wanazurura. Nilikuwa nashuka na maji kwenye kidumu kila nikifunga biashara. Majani yakakauka, nikasema basi, hata hili. Nikaendelea kumwagilia kwa ubishi tu.

Mgeni, ukimaliza kupiga picha huko juu, njia ya kurudi stendi inapita hapo bondeni. Wageni wengi hawasimami, hakuna cha kuona. Kuna mti mdogo mmoja, urefu wa mtoto, una miiba mikavu niliyouzungushia kuzuia mbuzi. Umeshika. Lakini mvumu wa mji hulaza watu wawili, mume na mke, na chini ya huu amelala mmoja.