Chenso Iliyomtii Vumilia

Ukikutana na mtu wa machimbo yetu, hapa njia ya kwenda Bugarama, akakwambia Vumilia ni mchawi, muulize kwanza kama anajua kabureta ni kitu gani. Hajui. Hata mimi nilikuwa sijui, nauza chai na vitumbua tu, lakini meza yangu iligusana na meza yake miaka mingi, na mdomo ninao. Niacheni niseme.

Vumilia alikuwa fundi wa chenso, hii misumeno ya moto. Huku bila chenso hakuna dhahabu. Shimo likichimbwa lazima likingwe kwa magogo, matimba wanavyoyaita, la sivyo udongo unawafukia watu wakiwa hai. Ufundi aliupata kwa marehemu mumewe. Mume alipokufa, shemeji zake walibeba kila kitu mpaka kitanda, wakaacha sanduku la spana kwa kudhani ni vyuma chakavu. Kwa sanduku hilo alimlea Edson na wadogo zake mpaka wakajitegemea. Hakuwa mpole, usidhani. Ukimletea mashine uliyotia petroli tupu bila oili, alikutukana kwa Kisukuma mpaka sisi tusiokijua tunaelewa.

Na macho yake yalikuwa mekundu, sikatai. Mtu anayepuliza vitundu vya kabureta kwa mdomo kutwa, petroli ikimrukia usoni, mlitaka macho yawe meupe? Lakini huku kwetu mama wa makamo mwenye macho mekundu anatazamwa kwa jicho baya. Kuna walioondolewa duniani kwa hayo macho.

Basi akaja Maduhu, mkata matimba, na chenso yake begani.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimu kwa heshima kama mama yake mzazi. "Inawaka vizuri, nikikata kidogo inakosa nguvu, inazima."

Vumilia akafanya kama alivyofanya siku zote. Kwanza alifungua kifuniko cha tanki, akanusa mafuta kujua kama yamechanganywa sawa. Akachomoa plagi, nzima. Akabadilisha filta. Halafu akaishusha kabureta, akaifungua juu ya kitambaa cheupe ili kisipotee kitu, akanionyesha daiframu, kipande cha mpira chembamba kama ganda la kitunguu.

"Ona, Mama Feisal. Hiki kikikakamaa, mafuta hayavutwi."

Kilikuwa kimekakamaa kweli. Akaweka kipya, akasafisha kisindano, akapuliza vitundu, akafunga, akageuza skrubu kidogo kidogo huku ametega sikio. Akavuta kamba, ikanguruma. Maduhu akaondoka anacheka.

Kesho yake wakaja kumwita. Imezima shimoni, na wanaume wanapokezana kamba mpaka mikono imechubuka. Vumilia akaenda, nami nikafuata na birika langu. Akainama, akafungua tanki, akanusa, akafunga, akavuta mara moja tu. Ikawaka! Watu wakapiga vigelegele, "Fundi! Fundi!" Siku nyingine ikawa vilevile, vigelegele vikapungua. Iliyofuata hakuna aliyepiga kelele. Mmoja akasema taratibu, "Jamani, inamtii."

Hilo neno nililisikia. Vumilia naye alilisikia. Aliichukua chenso akarudi nayo mezani, akaifungua tena kabureta, akaifunga, akaifungua. Kila kitu kipya, kila kitu safi.

"Mama Feisal," akaniambia, "nisipoujua ugonjwa wa mashine hii, wataniua."

Ng'ambo ya barabara kuna karasha, zile mashine za kusaga mawe, na kwa kelele zake husikii hata unachofikiri. Mchana ule umeme ukakatika, karasha zikanyamaza. Vumilia akaiwasha chenso, akaiacha ingurume mpaka ikafa yenyewe. Akafungua kifuniko cha tanki. Fssss!

"Umesikia?"

"Nimesikia. Nini hicho?"

"Upepo! Tanki limekabwa!" Akaruka kama msichana. Akanieleza: mafuta yakitoka, hewa lazima iingie mahali pake, na njia yake ni kitundu kidogo kwenye kifuniko. Kikiziba, kabureta inavuta, inavuta, mwishowe haipati kitu. Ukifungua kifuniko hewa inaingia, inapona kwa muda. "Kumbe mimi ndiye niliyekuwa naifufua kwa kunusa!" Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Nilicheka naye, nikamwaga na chai.

Akachukua sindano ya kushonea, akakikwangua kile kitundu. Kikatoka kitu cheusi, kina mafuta, kinanuka majani. Hiyo haikuwa taka ya porini. Maduhu alipokuja, watu wamejaa kwenye benchi langu, alieleza bila hata kubanwa. Alikwenda kwa mganga kuikinga mashine na mahasidi. Alipewa dawa ya majani na mafuta ya mnyama, akaambiwa apake kila penye tundu, baya lisipate pa kuingilia.

"Sasa umeziba pua ya mashine, mwanangu!" Vumilia akasema. "Dawa yako ndiyo mchawi wako!"

Benchi zima likaangua kicheko. Maduhu hakucheka. Alitazama chini, akaondoka bila chenso yake.

Aliporudi alikuwa na jibu la mganga. Dawa ile, mganga kasema, kazi yake ni kumnasa mtu mbaya akiigusa mashine. Imezima kwa wanaume wote, imewaka kwa mmoja. Basi imeshamnasa. Na kwa nini huyo mmoja aliikwangua dawa kwa haraka hivyo, tena kwa sindano?

Nilipiga kelele, wallahi. Nilichukua kifuniko nikawaonyesha kitundu mmoja mmoja. Wakaniambia, "Mama Feisal, wewe mtu wa kuja, hujui mambo ya huku." Mtu wa kuja! Wanangu nimewazaa hapa hapa!

Jioni mzee Jilala, mkubwa wa walinzi wa jadi, akaja mezani kwa Vumilia kwa adabu zote.

"Mama Edson, hakuna aliyekuhukumu," alisema. "Lakini vijana wana hasira. Kwa usalama wako, ni heri uende kwa ndugu zako Nkome."

Vumilia alipangusa meza. Chenso ya Maduhu ilikuwa bado juu yake, kabureta wazi. Nikamwambia iache hivyohivyo, mwache akakate matimba kwa meno. Akakataa. "Siachi kazi nusu," alisema, akakaa akaifunga yote, akapuliza kile kitundu mpaka akahakikisha kinapitisha hewa, akaiwasha, akaisikiliza, akaizima. Asubuhi akapanda lori la kwenda Nkome, ziwani, na sanduku lake. Wale waliompigia vigelegele, hakuna hata mmoja aliyetoka kumuaga.

Wiki iliyopita Maduhu alikaa kwenye benchi langu, chenso ipo miguuni, inang'aa, matimba yamejaa kwenye toroli. Akaniagiza chai.

"Umeona, Mama Feisal?" akasema, tena kwa upole, kama mtu anayenifariji. "Tangu yule mama aondoke, haijazima hata mara moja."