Ndama wa Habari za Jumatatu

Enzi zetu, sisi tuliosoma shule za vijiji vya njia ya Kifanya, huko Njombe, habari ilibebwa kichwani kama ndoo ya maji, na ukiimwaga njiani ulirudi kuitafuta. Shule yetu ya msingi haikuwa na simu, na wazazi wetu simu waliisikia tu kwa waliofika mjini. Hata barua za karatasi zilishindikana. Mwalimu mkuu alizijaribu muhula mmoja, akagundua kwamba nusu yake wazee walizisokotea tumbaku na nusu nyingine akina mama waliwashia moto wa asubuhi. Ndipo akaanzisha Habari za Jumatatu.

Mwalimu mkuu huyo tulimwita Mwalimu Mgaya. Alikuwa mfupi, na koti lake la sufu hakulivua hata jua lilipochoma, kwa sababu jua la Njombe, alisema, ni la kudanganya watoto. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Ijumaa, kabla hatujaondoka, alitutajia mstarini mambo matatu ya shule, nasi tukayarudia kwa pamoja mpaka aridhike. Jioni hiyo ulisimama mbele ya baba na mama, mikono nyuma, ukayasema yote matatu. Jumatatu ilikuwa zamu ya kijiji kuijibu shule. Kila kitongoji kilikuwa na mleta habari wake, na sisi wa bondeni mleta habari nilikuwa mimi, darasa la tano, msichana mwenye kichwa kilichonyolewa kipara kama wenzangu wote na sauti ambayo mama alisema ingefaa kufukuzia ngedere shambani.

Nakumbuka asubuhi zile kwa miguu yangu kwanza. Mwezi wa sita umande uliganda kwenye majani, ukikanyaga unasikia kitu kinavunjika, na viatu vilikuwa vya kwenda kanisani. Tulibeba kuni moja moja kwa ajili ya uji wa shule, tukapita kwenye miti ya miwati iliyonuka moshi na maganda mabichi, tukikimbia ili damu ifike kwenye vidole. Mfukoni kulikuwa na kiazi cha kuchoma, cha moto bado. Kiazi hicho kilikuwa glavu kwanza, chakula baadaye. Siku hizi mjukuu wangu hupelekwa shule na bodaboda, amevaa soksi na sweta na kofia, na bado analalamika kwamba upepo ulimpiga. Namtazama tu.

Basi, tukisimama mstarini baada ya ukaguzi wa kucha, Mwalimu Mgaya aliita vitongoji kimoja kimoja. Ulitoka mbele ukasema nani anaumwa, nani amejifungua, nani amefiwa, nani ng'ombe wake amezaa. Usidhani tulisema ili watu wasikie tu. Kila habari ilikuwa na wajibu wake. Mgonjwa, wasichana wa darasa la sita walikwenda kuteka maji na kufua. Msiba, darasa la saba zima lilikwenda kuimba. Nyumba ikiezuliwa na upepo, Jumamosi ilitangazwa mgowe, yaani ile kazi ya kijiji kizima kwa mtu mmoja, na walimu nao walikuja na majembe yao. Wazazi wetu ndivyo walivyojenga yale madarasa, na shule ililipa kwa namna hiyo hiyo. Hakuna aliyeita hilo ushirikishwaji wa jamii. Hilo neno tulilikuta baadaye kwenye semina, pamoja na chai na andazi.

Mwaka huo nilipokuwa la tano, mama alianguka akipanda kutoka mtoni na ndoo kichwani. Mgongo ukakataa. Hospitali ya misheni walimwambia alale miezi miwili, asiinue hata sufuria. Nyumbani tulikuwa baba, mimi, na mdogo wangu aliyekuwa ameanza kutambaa na kula udongo. Viazi vilikuwa vimekomaa shambani, ekari nzima, na mvua ilikuwa haijaisha. Mtu wa kwetu anajua maana yake. Viazi vikikaa kwenye matope vinaanza kuoza kimoja, halafu kimoja kinawaambia wenzake.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Kila mgowe wa kijiji yeye ndiye aliyefika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, na paa la darasa la tatu alilifunga kwa mikono yake. Lakini mtu aliyezoea kusaidia ana ugonjwa wake. Hajui kusaidiwa. Alituita akasema, "Ya ndani yabaki ndani. Sitaki kusikia jina la nyumba hii mstarini." Majirani waliomkosa mama mtoni waliambiwa ana homa kidogo. Mama alimjibu kutoka kitandani, "Mficha maradhi kifo humuumbua, mume wangu." Baba akatoka nje kwenda kutazama mawingu.

Nilianza kuchelewa shule. Naamka, nampikia mdogo uji, namgeuza mama, nafua, natoka jua limeshapanda. Mchana nakimbilia shambani na jembe. Wiki ya tatu, Jumapili jioni, baba alinikalisha kwenye kigoda, na kabla hajafungua mdomo nilijua. "Wiki hii umalizie," alisema. "Kuanzia wiki ijayo utabaki na mama yako. Akipona utarudi." Hakunitazama alipokuwa anasema. Sote wawili tuliwajua wasichana wa kijiji walioambiwa hivyo. Hakuna aliyerudi. Walikuwa na watoto mgongoni, wakitusalimia njiani tukienda shule.

Jumatatu hiyo nikasimama mstarini nikijua ni ya mwisho kwangu. Mwalimu Mgaya akaita, "Bondeni!" Nikatoka mbele. Nilitamani kusema. Maneno yalikuwepo, yamejipanga kabisa mdomoni. Lakini nilimwona baba kichwani mwangu akitazama mawingu, nikaogopa kumwaibisha zaidi ya nilivyoogopa kuacha shule. Na huwezi kusimama pale ukasema huna habari, kwa sababu kitongoji kisicho na habari Mwalimu Mgaya alikichunguza. Nikatafuta kitu cha furaha, kisicho na maswali.

"Kwetu," nikasema kwa sauti ile ya kufukuzia ngedere, "ng'ombe amezaa ndama!"

Shule nzima ikapiga makofi. Makofi yalipoanza ndipo akili ilinirudia. Ng'ombe wetu alikuwa mtamba, dume alikuwa hajamwona hata kwa mbali. Na mbaya zaidi, nilikuwa nimesahau dang'a. Yale maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, mazito, ya manjano, ukiyapika yanaganda, hayakuuzwa wala hayakufichwa. Yaliliwa na watoto. Ng'ombe akitangazwa, watoto wanakwenda na vikombe vyao. Mtoto wa kijiji cha wafugaji akitaka kudanganya adanganye chochote, lakini si ndama.

Sikulala vizuri. Jumanne baada ya masomo walikuja, watoto zaidi ya kumi, vikombe vya bati vikigongana njia nzima, wakiimba. Mbele yao Mwalimu Mgaya na koti lake, anakokota baiskeli. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nikiomba daraja livunjike. Halikuvunjika.

Tulipotokeza uani, wimbo ulikatika wenyewe. Baba yangu, mzee wa kanisa, alikuwa amechuchumaa anasugua masufuria, mikono imejaa majivu mpaka kwenye viwiko, na mdogo wangu amemfunga mgongoni kwa kanga ya mama. Wakati ule, mwanamume kuonekana hivyo na kijiji ilikuwa habari ya mwaka mzima. Mama alikuwa amelazwa kwenye mkeka kando ya ukuta, anaota jua, amefunikwa mablanketi mawili.

"Kamwene, mzee," Mwalimu Mgaya alisema.

"Kamwene, mwalimu." Baba hakusimama.

"Tumekuja kuona ndama."

"Ndama gani?"

Vikombe vyote vikanigeukia. Nilikuwa natafuta mahali pa kuingia ardhini nilipomsikia mama. Mama, ambaye kwa wiki tatu hakuwa amecheka, alikuwa anacheka huku ameshika mgongo kwa maumivu.

"Ndama ndiye mimi, mwalimu," alisema. "Nimelala hapa siwezi kusimama. Karibuni."

Mwalimu Mgaya aliegemeza baiskeli, akaenda kumsalimia mama kwa mikono miwili, akamuuliza maswali machache kwa sauti ya chini. Kisha akarudi kwa baba. "Mzee wangu," alisema, "ulipanda juu ya darasa la tatu mvua ikinyesha, hatukukuomba mara mbili. Sisi ulitaka tuje lini? Kwenye matanga?" Baba alikuwa bado ameshika sufuria. Niliona anajifuta macho kwa kiwiko chenye majivu, nikageuka upande mwingine, kwa sababu mtoto hatakiwi kuona hayo. Baadaye akanawa, akaleta kigoda. Wasichana walikuwa tayari wameshika ndoo. Waliobaki wakanywa uji kwenye vile vikombe vyao, wakisikitika kidogo, maana dang'a ni dang'a.

Nilidhani yameisha. Kesho yake mstarini Mwalimu Mgaya aliniita mbele. Hakuwa na fimbo, na hilo liliniogopesha zaidi. Akasema, "Aliyeleta habari ya uongo ndiye atakayeisahihisha." Akarudi nyuma, akaniacha peke yangu mbele ya shule nzima.

Nimezungumza mbele ya watu mara nyingi tangu siku ile, harusini na msibani. Sijawahi kusema maneno mazito kama yale. Nilisema, "Ng'ombe wetu hajazaa. Mama yangu anaumwa mgongo. Viazi vyetu viko ardhini. Na mimi Ijumaa ndiyo mwisho wangu wa kusoma." La mwisho lilitoka na kilio. Hakuna aliyecheka. Ijumaa ikafika, na katika yale mambo matatu ya kubeba nyumbani, la kwanza lilikuwa viazi vyetu.

Jumamosi walikuja mpaka watu ambao sikujua tunafahamiana nao. Walimu, wazazi, darasa la saba, mabinti walioacha shule na watoto wao mgongoni. Baba, kwa ulokole wake, hakuweka ulanzi, ile pombe ya mianzi, na mgowe bila ulanzi kwetu ni jambo la kunung'unikiwa. Mzee mmoja alikuja na kibuyu chake, akakificha kwenye miwati, na kila baada ya mstari mmoja wa viazi alikwenda kule kujisaidia. Wenzake nao wakaanza kujisaidia sana. Baba aliona. Akaamua kuwa shughuli yake ni kuhesabu magunia. Jua lilipozama shamba lilikuwa jeusi, tupu, na wasichana wa darasa la sita walikuwa wameshapangana zamu za kumhudumia mama mpaka asimame.

Jumapili usiku baba alinikuta nafunga daftari zangu nizihifadhi. Akaniuliza nazipeleka wapi. Akasema, "Kesho ukifika mstarini, waambie viazi vimeisha. Waambie na asante." Ndivyo nilivyojua kwamba narudi shule. Mama alisimama mwezi wa saba, akitembea kwa fimbo, na mimi nilimaliza la saba.

Sasa ninaishi Makambako, mjini, karibu na kelele za malori. Mjukuu wangu Upendo, ninayemlea mimi, yuko darasa la nne kwenye shule ya serikali, na sisi wazazi na walezi tuna grupu kwenye simu. Habari zinafika, siwezi kusema hazifiki. Zinafika saa kumi na moja alfajiri, pamoja na picha za maua, mahubiri ya sauti ya dakika tisa, na mama mmoja anayeuza mablanketi. Mwalimu akiandika kikao ni Alhamisi, wazazi wote wanaweka alama ya dole gumba, na Alhamisi tunakuta viti vimekaa vyenyewe. Wazazi hawa vijana wana vidole vyepesi kuliko miguu. Nawasema, lakini na mimi nina magoti ya kisingizio, na pole nilizoandika mwaka huu bila kunyanyuka kwenye kochi sizijui idadi.

Masika haya mume wangu alipata kiharusi. Upande wa kulia haukubali. Nikitoka kwenda sokoni lazima mtu abaki naye, na mtu huyo akawa Upendo. Siku moja, halafu mbili, halafu wiki ikapita. Mwalimu akaandika kwenye grupu, mbele ya wazazi wote: "Mlezi wa Upendo, mtoto yuko wapi?"

Nilishika simu muda mrefu. Nikaandika, "Ana mafua kidogo, mwalimu. Tunaendelea vizuri."

Pole zikaanza kuingia. Pole bibi. Ugua pole Upendo. Mungu mwema. Maua, mikono iliyokunjwa, maua tena. Zilikuwa nyingi na nilizisoma zote, na naamini kila mmoja aliandika kwa moyo. Kisha mama wa mablanketi akaweka picha mpya, na habari yetu ikapanda juu ikapotea.

Jioni ile nilifagia uwanja mara mbili. Nikabandika chai, birika kubwa, ile tunayotumia wageni wakiwa wengi. Upendo alitoka chumbani kwa babu yake, akatazama birika, akauliza, "Bibi, nani anakuja?"

Nikamwambia achukue sukari. Tukainywa wenyewe, watatu, na iliyobaki nikaimwaga asubuhi.